Matembezi ya Kuwatazama Viumbe Kando ya Mto: Namna ya Kuyaanzisha Mtaani Kwako

Mto Themi huanzia kwenye miteremko ya Mlima Meru, hupita katikati ya Jiji la Arusha, kisha hushuka kusini kujiunga na Mto Kikuletwa, ambao hulisha Bwawa la Nyumba ya Mungu na, kupitia Mto Pangani, hatimaye huifikia Bahari ya Hindi. Mkazi wa Arusha huvuka darajani kila siku akiwahi kazini, na mwaka unaweza kumalizika bila yeye kujua kwamba hatua chache chini ya daraja hilo mdiria hutulia juu ya tawi akivizia samaki wadogo. Makala haya yanaeleza jinsi watu wachache wa mtaa mmoja wanavyoweza kuanzisha matembezi ya kuwatazama viumbe wa aina hiyo, bila ofisi, bila bajeti na bila kusubiri mradi.

Nianze na kosa nililolifanya mwenyewe. Matembezi ya kwanza niliyoyaandaa yalikuwa na watu zaidi ya arobaini, bango na kipaza sauti, nasi tulianza saa nne asubuhi jua likiwa limekwisha kuwa kali. Kwa muda wa saa mbili tuliona kunguru wengi, pamoja na yangeyange mmoja aliyeruka mara tu aliposikia sauti zetu. Wiki mbili baadaye nilirudi kwenye njia ile ile saa kumi na mbili na nusu alfajiri nikiwa na watu sita, tukawaona kwarara wakichokoa matope, fundichuma akisimama kwenye maji mafupi, na tulipokuwa tukirejea, kenge aliyekuwa amepanda juu ya jiwe kuota jua. Mto haukuwa umebadilika hata kidogo.

Kwa hiyo kundi la watu wanane hadi kumi na wawili linatosha kabisa, na wakizidi hapo ni heri wagawanywe katika siku mbili. Muda mzuri ni kuanzia mapambazuko hadi saa tatu, kwa kuwa ndege wengi hula na kuimba wakati wa ubaridi na hujificha joto linapopanda. Umbali usizidi kilomita moja na nusu, jambo ambalo huwashangaza wanaodhani kwamba tunaenda kufanya mazoezi. Mwendo wetu ni wa kusimama zaidi kuliko kutembea. Darubini mbili za kupokezana zinatosha kundi zima, na hata zikikosekana, mtu aliyejifunza kusimama kimya kwa dakika kumi mahali pamoja ataona mengi kuliko mwenye darubini asiyetulia.

Jambo ambalo waandaaji wengi hulikosa ni kurudi. Watu hupenda kubadilisha njia kila mara ili wasichoshwe, ilhali thamani ya matembezi haya hutokana na kupita kipande kile kile cha mto, kwa saa zile zile, mwezi baada ya mwezi. Huko Nairobi, matembezi ya Jumatano asubuhi ya kuwatazama ndege, yanayoandaliwa chini ya Nature Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1909 kama jumuiya ya wapenzi wa elimu ya viumbe, yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1971, na Fleur Ng'weno aliyaongoza kwa miongo mingi. Waliojifunza ndege hapo wakiwa wanafunzi wamefika kuwafundisha wengine, na hayo yametokana zaidi na uhakika kwamba Jumatano ikifika watu watakuwepo.

Mkirudi mara kwa mara, daftari nalo huanza kusema. Andikeni tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, hali ya hewa, idadi ya watu waliokuwepo, kila kiumbe mlichokitambua na idadi yake. Kwa kuwa njia na muda havibadiliki, hata kutokuona ni taarifa: mdiria aliyeandikwa kila mwezi kisha akatoweka kwa miezi minne mfululizo anaweza kuwa dalili kwamba maji yamechafuka, samaki wamepungua, au kingo alizochimba viota zimeporomoka. Vivyo hivyo, kati ya Oktoba na Aprili mtaona ndege ambao miezi mingine hawapo, kama keremkerem waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia, na daftari la miaka miwili litawaonyesha wanaingia na kuondoka lini katika mtaa wenu. Wenye simu wanaweza kupeleka kumbukumbu hizo kwenye eBird au iNaturalist, majukwaa ya mtandaoni ya kukusanya kumbukumbu za viumbe ambayo hayatozi malipo, lakini daftari la karatasi lisiachwe.

Katika kundi asikose mtu anayeishi na mto huo. Mkulima wa mchicha anayemwagilia bustani yake kila alfajiri anajua fisi maji hupita wapi na mafuriko ya masika yaliyopita yalifika mti gani. Majina anayoyatumia, yawe ya Kiswahili, Kimeru au Kimaasai, yaandikwe pia, pamoja na habari zinazoambatana nayo. Fundichuma ni mfano mzuri: kiota chake kikubwa chenye paa, kilichojengwa kwa maelfu ya vijiti, huogopwa katika sehemu nyingi za Afrika, na huaminika kwamba anayekibomoa hujiletea mkosi. Mimi siwasahihishi wazee wanapolisema hilo, kwa kuwa imani hiyo imemlinda ndege huyu kuliko vibao vyetu vingi.

Msiishie kwenye ndege. Chini ya mawe ya mto wanaishi wadudu wachanga wanaoeleza hali ya maji vizuri kuliko rangi yake. Njia ya miniSASS, iliyobuniwa Afrika Kusini kwa ajili ya watu wasio wataalamu, inatumia makundi 13 tu ya wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo, na kila kundi lina alama yake. Penye wadudu wachanga wenye mikia mirefu wanaong'ang'ania mawe, wale wasiostahimili uchafu, alama hupanda. Penye minyoo na ruba peke yao, hushuka. Anayeingia majini avae gambuti, kwa sababu vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono na kupenya ngozi, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na wakati wa mchana. Baada ya mvua kubwa mlimani, mtu yeyote asiingie, hata kama mtaani kwenu hapajanyesha.

Mwenyekiti wa mtaa aarifiwe mapema, na wenye bustani waarifiwe kabla yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na wengi wanaolima humo wanalijua hilo. Wakiona watu wenye madaftari wanapita alfajiri, watadhani ni wapimaji waliokuja kuwahamisha. Wakaribisheni watembee nanyi. Ndani ya hifadhi, taratibu na ada za mamlaka husika zifuatwe. Mkianza kutoza fedha kwa kuwaongoza wageni, mmeingia katika biashara ya utalii inayohitaji leseni.

Kuhusu adabu kwa viumbe, msiwalishe tumbili, msiwaite ndege kwa sauti zilizorekodiwa wakati wa kutaga, na msitangaze mtandaoni mahali kilipo kiota cha bundi au cha korongo taji, kwa kuwa bundi huuawa kwa ushirikina na makinda ya korongo taji huibwa ili yauzwe.

Mkikuta samaki wengi waliokufa wakielea, msiwaguse wala msiwachukue kwa kitoweo. Andikeni saa, mahali penyewe, rangi na harufu ya maji, pigeni picha kuelekea juu na chini ya mto, kisha toeni taarifa siku hiyo hiyo kwa ofisi ya mtaa na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao makuu Moshi. Pelekeni na daftari, ili waone mto ulivyokuwa mwezi uliopita.