“Si uko nyumbani tu?”: dhana potofu kuhusu mwandishi wa riwaya na muda wake

Jumamosi moja saa nne asubuhi shangazi alinipigia simu. Kulikuwa na harusi ya mtoto wa ndugu yetu, mchele kilo 60 ulikuwa haujachambuliwa, na mikono ilikuwa michache. “Mwanangu, njoo utusaidie. Wewe si uko nyumbani tu, unaandikaandika?” Nilikuwa mezani na sura ya kumi na nne. Zilibaki siku tisa nikabidhi mswada. Nilifunga kompyuta nikaenda, nikakaa mkekani na ungo mapajani hadi adhuhuri, natoa chuya na vijiwe.

Simlaumu shangazi. Alisema tu jambo ambalo watu wengi wanaliamini, na sisi waandishi tunaliamini kuliko wote: kwamba kuandika ni kitu kinachokaa pembeni, kikingoja maisha yatulie. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Tanga, nina watoto wawili, na sasa niko kwenye riwaya ya tatu. Dhana ninazozitaja hapa nimewahi kuziamini zote, na kila moja ilinipotezea miezi.

Dhana: Mwandishi huandika ilhamu ikimshukia

Ilhamu ipo, sikatai. Ila ina tabia ya kumkuta mtu akiwa ameshaketi.

Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19, alikuwa mfanyakazi wa Posta. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mezani, saa yake ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kwa kila robo saa kabla ya kwenda kazini. Aliacha riwaya 47. Aliyemwamsha na kumletea kahawa alikuwa mtumishi mzee, ambaye Trollope alimwongezea pauni 5 kwa mwaka kwa kazi hiyo, na kwenye tawasifu yake aliandika kwamba huenda anadaiwa na mzee huyo kuliko mtu mwingine yeyote. Huyo mtumishi nitamrudia.

Mimi muda wa saa tatu nzima kila alfajiri, kama aliokuwa nao Trollope, sina. Nina dakika 40, kuanzia saa kumi na nusu hadi uji ubandikwe. Siku njema napata ukurasa, siku mbaya napata aya. Kinachonisaidia ni kitu kidogo sana. Usiku kabla ya kulala naandika kwenye kauntabuku sentensi moja, na siimalizi. Wiki iliyopita iliishia hivi: “Bi Mwanaisha alipofungua sanduku la mumewe akakuta”. Alfajiri sikai kutafuta pa kuanzia. Namalizia sentensi, na ikishakwisha mkono umeshapata moto.

Dhana: Ukitaka kuandika riwaya ya maana, acha kazi

Shaaban Robert alizaliwa 1909 Vibambani, huku huku Tanga. Sehemu kubwa ya utu uzima wake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni: forodhani kuanzia 1926 hadi 1944, kisha idara ya wanyamapori, ofisi ya wilaya ya Tanga, na ofisi ya upimaji hadi 1960. Riwaya yake Kusadikika ilichapishwa 1951, mwandishi wake akiwa bado anaripoti ofisini kila asubuhi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alianza kuandika akiwa na umri wa miaka 21, riwaya yake ya kwanza ikatoka 1987 akiwa na miaka 38, na alifundisha Chuo Kikuu cha Kent hadi alipostaafu 2017. Nobel ilimkuta 2021. Toni Morrison, Mmarekani, alikuwa mhariri katika kampuni ya uchapishaji na mama anayelea wana wawili peke yake wakati riwaya yake ya kwanza ilipotoka 1970. Alizoea kuandika kabla ya mapambazuko, wanawe wakiwa bado wamelala.

Kama una uwezo wa kuacha kazi na nyumba ikala, acha. Lakini fahamu kwamba mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo ya kitabu, hauji kila mwisho wa mwezi, na riwaya inayotakiwa ilipe ada ya shule Januari huandikwa kwa woga. Mshahara wangu ndio unaoniruhusu kuifuta sura nzima nikiona haifai.

Dhana: Makataa huua ubunifu

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipokosea kwa muda mrefu zaidi.

Mwaka 1865 Fyodor Dostoevsky, mwandishi wa Urusi, akiwa amezongwa na madeni, alisaini mkataba na mchapishaji wa Saint Petersburg aliyeitwa Stellovsky. Masharti yalikuwa haya: alete riwaya mpya ifikapo tarehe 1 Novemba 1866, la sivyo mchapishaji angekuwa na haki ya kuchapisha kila anachokiandika kwa miaka tisa bila kumlipa chochote. Wakati huohuo alikuwa katikati ya riwaya nyingine kubwa iliyokuwa ikitoka kwa mfululizo katika jarida. Oktoba ikaingia, ya Stellovsky ikiwa haijapata hata ukurasa. Rafiki zake wakamshauri atafute mtu wa hatimkato, naye akaletewa binti wa miaka 20, Anna Snitkina. Mchana Dostoevsky alimtajia maneno, usiku Anna alikwenda kwao akayanakili kwa hati safi. Kwa siku 26 riwaya ikakamilika. Siku ya kukabidhi, mchapishaji hakuonekana ofisini, kwa hiyo mswada ulipelekwa kituo cha polisi na ukakatiwa risiti. Miezi michache baadaye mwandishi na mwandishi wake wa hatimkato walioana.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi kwamba shinikizo huzaa vitabu. Mimi nakisoma vingine. Makataa yenyewe yalikuwapo tangu mwaka uliotangulia na hayakuzaa kitu. Kilichobadilika Oktoba ni kwamba kulikuwa na mtu chumbani, kila siku, kwa saa zinazojulikana, anayesubiri ukurasa unaofuata. Tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba iko mbali na haina uso. Mtu anayesubiri ana uso.

Tangu nilipolielewa hilo naivunja tarehe ya mhariri wangu vipande vipande na kila kipande nakipa mtu. Sura ya tatu anaisubiri mwalimu mwenzangu wa Historia, atakayeniuliza Ijumaa wakati wa chai. Sura ya nne anaisubiri dada yangu aliye Mombasa, naye nikichelewa hanihurumii. Tuzo nazo zinafaa kwa namna hiyo. Ile ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ile ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 ikijulikana kama Mabati-Cornell, zote zina siku ya mwisho isiyojali kama mtoto wako aliumwa. Ushinde usishinde, utakuwa na mswada uliokamilika, na wengi wetu tuna droo zilizojaa visivyokamilika.

Makataa yanayoua yapo pia. Ni yale unayoyakubali kwa sababu unaona aibu kusema hapana. Mara moja niliwahi kuahidi mswada kwa miezi minne ilhali nilijua kabisa kwamba miwili kati yake ni ya mitihani. Nilichokabidhi kilirudi na alama nyekundu kila ukurasa, na mhariri alikuwa na haki.

Dhana: Maneno 50,000 kwa mwezi ni riwaya

Changamoto ya kuandika riwaya kwa mwezi mmoja ilianzia Marekani, eneo la San Francisco, Julai 1999, kwa watu 21 tu. Mwaka uliofuata ikahamia Novemba na ikaenea duniani. Shirika lililoiendesha lilitangaza 2025 kwamba linafunga, lakini hesabu yake imebaki vichwani mwa waandishi: maneno 50,000 kwa siku 30, yaani 1,667 kila siku.

Kwanza, Novemba. Mwalimu wa sekondari Tanzania anajua mwezi huo una nini: kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa, kidato cha pili nao vilevile, na sisi tunasimamia, tunasahihisha ya ndani, tunajaza matokeo. Mara ya kwanza nilipojaribu niliishia maneno 11,000 nikajiona mvivu. Hakuna anayekulazimisha mwezi. Mwaka uliofuata nilianza siku shule zilipofungwa Desemba.

Pili, na hili sijaona likisemwa vya kutosha, hesabu ile ilipigwa kwa lugha nyingine. Kiswahili kinafungasha. “Nitakapomwambia” ni neno moja kwetu, na Mwingereza analihitaji matano. “Tusipowasomesha” vilevile limebeba nani, ukanushi, sharti na mtendewa. Tuna “ya” na “wa” na “kwa” zinazorudisha hesabu juu kidogo, lakini mtu anayeandika masimulizi yenye vitenzi vingi atafanya kazi kubwa zaidi kuifikia 1,667 kuliko yule aliyeibuni. Nimeona waandishi vijana wakitanua sentensi ili kaunta ipande: “alikuwa ni mtu ambaye alikuwa anapenda kucheka” mahali ambapo “mcheshi” lingetosha. Hiyo inaharibu mkono. Mimi nahesabu maonyesho. Onyesho moja likikamilika, mtu kaingia, jambo limegeuka, mtu katoka, siku yangu imelipwa, liwe na maneno 400 au 1,200.

Tatu, kinachopatikana mwisho wa mwezi ni rasimu. Ile Desemba nilipata maneno 38,000. Katika hayo, yaliyofika kitabuni ni sura tatu na mhusika mmoja, mchuuzi wa mihogo pale kivukoni, ambaye sikumpanga na alijitokeza siku ya kumi na sita nikiwa nimechoka hata kufikiri. Bila ile kasi nisingekutana naye. Kuandika upya kulichukua miezi kumi na moja, na hapo ndipo riwaya ilipoandikwa.

Dhana: Ukikwama, kipaji kimekwisha

Mara nyingi umechoka tu. Lala. Ukiamka bado umekwama, rudi kurasa kumi nyuma. Kosa huwa huko, pale ulipomlazimisha mhusika afanye jambo asilolitaka.

Dhana: Mwandishi wa riwaya anafanya kazi peke yake

Kila ninapolalamika kwamba sina muda, yupo atakayenikumbusha Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyeandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni gerezani Kamiti mwaka 1978. “Yule alikuwa kifungoni akaandika, wewe una kompyuta.” Kisa ni cha kweli na kinastahili heshima yake yote. Lakini kinatumika vibaya. Hakithibitishi kwamba dhiki huandika vitabu, maana magereza yamejaa dhiki. Na kina mtu ambaye wanaokisimulia humwacha nje: mkewe Nyambura, aliyebaki Limuru na watoto, na aliyejifungua binti mwaka huohuo, mumewe akiwa kizuizini.

Turudi sasa kwa yule mtumishi wa Trollope na kahawa yake, na kwa Anna Snitkina, ambaye baada ya ndoa alishika madeni ya mumewe na kuanza kuchapisha yeye mwenyewe vitabu vya mumewe, nyumbani. Nikisoma habari za waandishi siku hizi natafuta jambo moja: nani alikuwa jikoni? Muda wa riwaya hauchotwi hewani. Kila saa ninayokaa na Bi Mwanaisha, kuna mtu mahali fulani anaosha vyombo, au vyombo vinasubiri na kuna mtu ananung’unika. Kulisema hili si kujidharau wala kudharau kazi. Likisemwa, linaweza kupangwa. Lisiposemwa, linalipwa na yule asiyeweza kukataa, na nyumbani kwetu wengi huyo ni binti mkubwa.

Kwangu tumekubaliana na wifi yangu. Jumanne na Alhamisi jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, watoto wangu wako kwake. Jumapili mchana mimi nakaa na bintiye nikimfundisha Kiswahili na Historia. Tuliyasema mezani, mume wangu akisikia, na yeye akachukua Jumamosi asubuhi. Shangazi nilimwendea pia, nikiwa na kanga mkononi, nikamweleza kwamba Jumamosi kabla ya adhuhuri niko kazini kama mtu aliye dukani. Alicheka, akauliza duka langu linauza nini. Sasa hupiga simu saa saba.

Mwaka huu bintiye wifi yuko kidato cha nne. Kuanzia Oktoba nyumba yao inahitaji utulivu, na yeye anahitaji jioni zangu kuliko mimi ninavyozihitaji. Kwa hiyo Jumanne na Alhamisi zimesimama hadi mtihani uishe. Jana, Septemba ikiwa bado mbichi, nilimwandikia mhariri nikamwambia hivyo hivyo, pamoja na idadi ya maonyesho yaliyobaki na tarehe ninayoweza kuisimamia. Alijibu kabla ya saa sita: “Sawa mwalimu. Tarehe 20 Januari. Nitumie sura ya kwanza hadi ya tano nizianze.”