Samaki Amelizidi Tangi: Hesabu Gramu, Acha Sentimita

Samaki wa mapambo huuzwa kwa sentimita. Mnunuzi anaambiwa samaki wa sentimita tano, tangi la lita mia, hamna shida. Hesabu hiyo ina kasoro moja kubwa: samaki harefuki tu, ananenepa pia. Urefu ukiongezeka mara mbili, uzito hupanda karibu mara nane. Chukua oska, samaki wa mapambo anayekuwa mkubwa: wa sentimita 5 ana gramu 3 hivi. Akifika sentimita 30 anakaribia gramu 650, zaidi ya mara mia mbili. Na kinachochafua maji ni uzito, maana uzito ndio unaokula.

Tupige hesabu yenyewe. Oska mkubwa hulishwa takriban asilimia 1 ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 6 za chakula cha punje. Kilo moja ya chakula chenye protini ya asilimia 35 hivi hutoa gramu 30 za amonia, sumu kwa samaki, ikipimwa kama naitrojeni iliyomo, na sehemu kubwa hutokea kwenye matamvua, si kwenye kinyesi kama wengi wanavyodhani. Kwa hiyo kufyonza kinyesi peke yake hakutoshi. Gramu 6 zile zinakupa miligramu 180 za amonia kwa siku. Bakteria wa kwenye filta wakiigeuza yote kuwa nitriti, kisha nitreti, unabaki na miligramu 800 hivi za nitreti kila siku, uzito umepanda kwa sababu naitrojeni hiyo sasa imebeba oksijeni.

Ndani ya lita 300, hiyo ni miligramu 19 kwa lita kila wiki. Ndani ya lita 100 ni 56. Ukibadilisha nusu ya maji kila wiki bila kukosa, tangi la lita 300 litatulia chini kidogo ya miligramu 40 kwa lita siku ya kubadilisha maji, kiwango ambacho oska anakivumilia. Lile la lita 100 litapanda hadi kupita 110 na kukaa hapo. Filta kubwa zaidi haitakuokoa, kwa sababu filta haiondoi nitreti, inaitengeneza. Kinachoiondoa ni ndoo yako.

Hapa ndipo unapozaliwa ule usemi kwamba samaki hukua kulingana na tangi lake. Ni kweli kwamba maji machafu hupunguza kasi ya ukuaji. Lakini huko ni kudumaa, si kujirekebisha. Dalili zake zinaonekana ukiangalia vizuri: jicho kubwa lisilolingana na kichwa, mgongo uliopinda, tumbo lililobonyea, mapezi yenye ncha zilizoliwa. Samaki wa namna hiyo mara nyingi hufa kabla ya nusu ya umri wake, na mwenye tangi husema alikuwa mzee.

Kwa hiyo ulizia ukubwa wa samaki akiwa mzima kabla hujatoa pesa. Goldifishi wa mkia mmoja hufika sentimita 25 hadi 30 na anaweza kupita miaka 15. Wale wa mviringo wenye mikia miwili huishia 15 hadi 20. Bakuli la duara halimfai hata mmoja wao. Koi hupita sentimita 60, si samaki wa ndani hata kidogo. Pleko anauzwa kama msafishaji wa vioo, na akiwa mdogo kweli anasafisha, ila akikaribia sentimita 40 mwani anauacha, anahamia chakula cha wenzake, na kinyesi chake kinajaza tangi. Pangasi anauzwa kama papa mdogo. Kwao, mto Mekong, anapita mita moja na kilo 40. Ni mwoga mno: taa ikiwashwa ghafla anajigonga kioo hadi pua inachubuka. Kambale mwenye mkia mwekundu wa Amazoni naye anapita mita. Hawa wawili wa mwisho sioni nyumba ya kawaida inayowafaa, iwe Mbeya au kwingineko.

Wenye bahati ni wapenzi wa samaki wa Ziwa Nyasa. Mbuna wa kwenye miamba wengi hawapiti sentimita 13, na tangi la urefu wa sentimita 120 linawatosha maisha yao yote. Lakini ziwa hilohilo lina wawindaji wanaofika 25, kama Dimidiochromis compressiceps, yule bapa kama kisu. Wakiwa wadogo wote wanafanana machoni pa asiyewajua, kwa hiyo uliza jina, usiridhike na jibu la "ni wa Matema", yaani ufukwe wa ziwa hilo.

Sasa baridi. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi, Iringa chini kidogo, Njombe na Makete juu zaidi. Juni na Julai usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Oska anataka nyuzi 24 hadi 28, na chini ya 20 anaacha kula. Tangi la lita 500 linahitaji hita mbili za wati 300. Zikifanya kazi nusu ya siku, umetumia uniti 7.2 za LUKU kwa siku, zaidi ya 200 kwa mwezi. Kama nyumba yako iko kwenye kundi la matumizi madogo, chini ya uniti 75 kwa mwezi, umeshatoka. Bandika stairofomu ya unene wa sentimita 3 nyuma, ubavuni na chini ya tangi, na ufunike juu, kwani joto jingi hupotea kwenye uso wa maji. Weka 24, usiweke 28. Na hita ziwe mbili ndogo, si moja kubwa: moja ikigoma kuzima haitachemsha samaki, ikifa haitamgandisha.

Maji ya bomba nayo ni baridi. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 15 hadi 25 kunakula uniti 2.3, na kuyamimina yakiwa baridi vilevile kunaweza kumletea samaki ugonjwa wa madoa meupe ndani ya siku chache. Yaweke ndani kwenye pipa siku moja au mbili ukiyapulizia hewa. Klorini inaondoka na joto linakaribia la chumba.

Jambo ambalo miongozo ya pwani haikuambii ni oksijeni. Kwenye mita 1,700 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa Dar es Salaam, na maji hubeba oksijeni kwa uwiano huohuo. Maji ya nyuzi 25 yanayoweza kushika miligramu 8.3 kwa lita kule, hapa yanashika 6.8. Samaki wa gramu 650 anamaliza akiba hiyo haraka, na umeme ukikatika usiku hutaamka kumkuta salama. Pampu ya hewa yenye betri yake si anasa kwenye tangi la samaki mkubwa. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe filta ya ndoo iliyofungwa kabla hujamwaga maji yaliyolala ndani yake, maana yameshaoza.

Ukiamua kujenga tangi la kioo kwa oska, lenga sentimita 150 kwa 60 kwa 60. Mwongozo wangu ni upana usiopungua mara moja na nusu ya urefu wa samaki mzima, ili ageuke bila kukunja mkia. Kioo kiwe milimita 12 chenye mikanda ya kioo juu. Fundi wa madirisha ya aluminiamu atakushawishi utumie cha 6 kilichobaki dukani kwake, kataa. Silikoni isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, inaua samaki. Kwa baridi yetu iache wiki nzima ikauke kabla ya kujaza. Likijaa, tangi hilo lina karibu kilo 600, kwa hiyo likae sakafu ya chini, juu ya stendi ya chuma au tofali.

Kwa goldifishi na koi, kioo sikishauri kabisa. Nje ndiko kwao, na hapa nyanda za juu tuna bahati ambayo watu wa Dar es Salaam hawana: maji yetu ya baridi yanawafaa bila hita. Bwawa la mita 3 kwa 2, lenye kina cha mita 1.2, ukijaza hadi sentimita 105 linashika lita 6,300. Hilo ni la koi watano au sita, au goldifishi kumi na tano, basi. Kina ni muhimu kuliko upana kwa sababu maji ya kina hayabadiliki joto haraka usiku. Beseni la sentimita 40 kule Makete linaweza kuamka na barafu.

Sakafu iwe zege la sentimita 10 lenye nondo za milimita 8, kuta za tofali za inchi 6, plasta ya saruji moja kwa mchanga tatu ikichanganywa dawa ya kuzuia maji, kisha niru. Nyanyua ukingo sentimita 40 juu ya ardhi. Mvua za Novemba hadi Aprili zinasomba udongo na dawa za mashambani, na bwawa lililo sawa na ardhi chini ya shamba la viazi linaua samaki wote kwa mvua moja. Weka bomba la PVC la inchi 2 la kutolea maji yanayozidi, lenye wavu mdomoni. Juu tandika wavu kwa ajili ya mdiria, korongo na paka.

Saruji mpya hupandisha pH, kipimo cha asidi na alkali ya maji, kupita 10. Jaza, acha wiki, mwaga, rudia mara tatu, na mara ya pili sugua kuta kwa siki. Pima pH kabla ya kuweka samaki. Ikiwa bado juu ya 8.5, rudia. Asiye na bajeti ya zege atumie tangi la plastiki la lita 2,000 lililokatwa juu na kufukiwa nusu. Yale ya mtumba yenye kizimba cha chuma yanafaa pia, mradi ujue yalibeba nini. Yaliyobeba dawa ya kilimo hayasafishiki, hata uyaoshe mwezi mzima.

Filta ya bwawa hili ni pipa la bluu la lita 200. Maji yaingie chini, yapande kupitia sponji, kisha kwenye mawe, yarudi bwawani kwa juu. Pampu isukume lita 3,000 hadi 6,000 kwa saa. Mawe bora tunayo Rungwe: yale mepesi ya volkano yanayoelea, pumisi. Vitundu vyake vinawapa bakteria nafasi kubwa kuliko kokoto. Yaoshe hadi maji yatoke meupe, yaloweke mpaka yazame, na ukishayaweka usiyaoshe tena kwa maji ya bomba, klorini itawaua bakteria. Filta mpya huchukua wiki nne hadi nane kukomaa, na kwa baridi yetu tegemea nane. Kipindi hicho lisha nusu ya kawaida. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10, usilishe kabisa. Chakula kinamuozea tumboni.

Kumhamisha samaki mkubwa, mnyime chakula siku mbili kabla, ili asichafue maji ya safari. Usimvue kwa wavu kama ni pleko au pangasi, miiba ya mapezi inanasa na kuvunjika. Msukumie ndani ya mfuko mnene chini ya maji, umnyanyue pamoja na maji. Mfuko uwe theluthi ya maji, theluthi mbili ya oksijeni. Anayetoka Kyela kupanda Mbeya asiujaze mfuko hadi ukaze: kutoka mita 500 hadi 1,700 hewa hutanuka kama asilimia 15, na barabara ya Tukuyu hadi Uyole hupanda juu zaidi ya hapo kabla ya kushuka. Mfuko uliokaza hupasukia njiani, penye baridi kuliko pote. Uweke ndani ya boksi la stairofomu.

Oska na pleko waliowashinda watu wa Mbeya wanafaa zaidi Kyela, kwenye joto, kwa mtu mwenye bwawa lililofungwa lisilo na mfereji wa kutoka. Hoteli na shule zenye mabwawa ya zege hupokea koi. Kama bwawa liko wazi au karibu na mto, pita kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri.

Mtoni usimtupe. Sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 aliangamiza aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo. Huku kwetu eneo ni dogo, lakini hatari si ndogo. Ziwa Masoko la Rungwe, ambalo wengine huliita Kisiba, lina upana wa mita 700 hivi tu, na mwaka 2015 watafiti walichapisha kwamba humo samaki wa Astatotilapia calliptera wamegawanyika makundi mawili, wa njano wa ukingoni na wa bluu wa kinani, ndani ya miaka isiyozidi elfu moja hivi. Ndoo moja ya samaki wa tangi, pamoja na vimelea vyao, inatosha kuharibu hilo.

Asipopatikana wa kumpokea, na samaki keshapinda mgongo au hali tena, mafuta ya karafuu yanamlaza bila maumivu makali. Kwa ndoo ya lita 20 unahitaji mililita 8. Hayachanganyiki na maji hivihivi, kwa hiyo yatikise kwanza ndani ya chupa yenye maji ya uvuguvugu mpaka yawe kama maziwa. Mimina mililita 1 kwanza, subiri alale ubavu, kisha malizia zilizobaki. Matamvua yakisimama, mwache nusu saa zaidi. Mzike mbali na maji. Asiliwe na mtu wala mbwa, kwa sababu ya mafuta hayo na kwa sababu dawa nyingi za samaki wa mapambo hazikutengenezwa kwa samaki wa kuliwa.