Eti meza za pool za zamani ndo bora? Kagua reli kwanza kabla hujasifia mbao

Swali naloulizwa na karibu kila mteja ni hili, fundi, meza za zamani si ndo zilikuwa imara kuliko za sasa? Na mi huwa nauliza kwanza, za zamani za lini, maana mmoja anaongelea meza ya mwaka 1900 yenye miguu minene ya kuchonga na mwingine anaongelea ya miaka ya 60 yenye fomaika na pembe za chuma kinachong'aa, na ukizivua kitambaa hizo mbili zinafanana kitu kimoja tu, jiwe.

Jiwe tulimalize haraka maana halina ubishi. Mwingereza John Thurston alianza kutumia jiwe bapa la sleti badala ya mbao mwaka 1826, na mpaka leo meza nzuri ni sleti, kwa sababu haivimbi na unyevu wala haipindi kama mbao. Kwenye meza ya futi 9 yenye jiwe la unene wa sentimita 2.5 hivi, vipande vitatu kila kimoja kinakaribia kilo 90, na mtu akikuuzia meza ya miaka mia jiwe lake likiwa halijapasuka basi bado ni zima, umri hauligusi. Kwa hiyo mkibishana nani kajenga vizuri, jiwe liacheni pembeni.

Ubishi wote uko kwenye reli. Yaani ule ubao wa pembeni wenye raba, umeshikaje na jiwe?

Zile meza za kizazi cha Brunswick-Balke-Collender, kampuni iliyopata jina hilo mwaka 1884, mbao zake jamani acha tu. Fremu nzito, mbao ngumu zilizokauka vizuri, maungio unayaangalia unajiuliza alitumia msumeno gani. Ila nyingi reli zake zinafungwa kwa pembeni, bolti inapita ndani ya reli inaenda kuingia kwenye ukingo wa jiwe lenyewe, na nati imezikwa humo humo kwenye jiwe. Ikikaa vizuri inakaza sana. Shida ni kwamba urefu wa raba kutoka kwenye jiwe unategemea lile tundu, na tundu likishalegea kwa kufungwa na kufunguliwa miaka na miaka reli inashuka au inapanda kidogo, na hicho kidogo ndo kinaua mchezo. Ncha ya raba inatakiwa iwe kwenye asilimia 63 na nusu hivi ya kimo cha mpira, na mpira wa pool una milimita 57.15, kwa hiyo piga hesabu, inakuja kama milimita 36. Ikizidi, raba inaukandamiza mpira chini na unarudi umekufa, ikipungua mpira unaruka. Na nati ikizunguka ndani ya jiwe, pole yako, hapo unatoboa jiwe na unaomba Mungu.

Halafu 1961 hao hao Brunswick wakaleta meza ya Gold Crown. Watu wa mbao waliiangalia wakasema hii ni kabati la ofisini, na kwa sura siwalaumu. Lakini ukilala chini yake na spana ndo unaelewa waliomfikiria pale ni fundi na mwenye ukumbi, sio mgeni wa sebuleni. Reli inakaa juu ya jiwe, bolti zinatoka chini kwenda juu, kwa hiyo kimo cha raba kinatokana na unene wa reli yenyewe na hakina pa kwenda. Jiwe limegundishwa ubao chini yake ili kitambaa kipigwe stepo, miguu ina skrubu za kusawazishia, na mapambo ya nje unayavua bila kuharibu kitu. Mi nimefungua meza za kizazi hicho zilizopigwa mchana na usiku kwa miongo, nimebadilisha raba na kitambaa, nimejaza maungio ya jiwe kwa nta ya nyuki, na zikarudi kucheza kama kawaida. Mbao zake hazifikii za yule babu wa 1900 hata kidogo, ila kwa mtu anayecheza kila siku naichukua hii, na naichukua bila kufikiria mara mbili.

Kuna jambo huwa linaniudhi hapa. Raba zina maumbo, na mawili yanayojulikana zaidi ni K-55 na K-66. Niliwahi kuitwa kwenye meza ya kizazi hicho, mwenyewe analalamika meza imechakaa, mipira inaruka ovyo. Kumbe fundi aliyetangulia kaweka K-66 kwenye reli iliyokatwa kwa ajili ya K-55, ncha ikashuka, na lawama yote ikaenda kwa meza ya watu. Kabla hujasema zamani walijenga vibaya au vizuri, uliza kwanza nani aliigusa mwisho.

Tukija za miaka ya karibuni, zimegawanyika mno. Upande mmoja kuna watengenezaji kama kampuni ya Diamond, zipo meza zao zenye jiwe moja zima badala ya vipande vitatu, hakuna maungio ya kujaza nta, ila kuibeba ni shughuli ya watu wengi na mlango mpana. Mkazo wa reli zake kwenye jiwe ni mzuri mno, ukigonga juu kwa ngumi unasikia kama unagonga jiwe lenyewe. Upande mwingine kuna meza za nyumbani zenye sura ya kifalme, miguu ya makucha ya simba, halafu ndani ni ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa. Jiwe lake linaweza kuwa zuri kabisa! Lakini bolti ikiing'ata ile nati mara tatu nne, ubao unamomonyoka kama biskuti, reli inaanza kutetemeka, na mpira ukigonga unasikia mlio mzito wa kitu kitupu. Hiyo sauti ukishaizoea huhitaji kufungua kitu.

Kwa hiyo ukienda kununua, usianze na pima maji, meza yoyote inasawazishwa. Gonga reli kwa ngumi sehemu zote, katikati na karibu na mashimo, sikiliza wapi sauti inabadilika. Kisha weka mpira katikati, piga kwa nguvu ya kawaida ya mchezo kwa urefu wa meza, hesabu mpira unapita urefu huo mara ngapi. Ikifika mara 4 na zaidi raba bado zina uhai. Ikiishia mara 2 na nusu na reli zimetulia kwenye ngumi, shusha bei, hizo ni raba tu. Ikiishia hapo na reli zinatetemeka, chungulia chini uone bolti zimeingia kwenye nini.