Wamekulipa kwa Pesa Yako Mwenyewe

"Mbona mimi wamenilipa?" Ndivyo ninavyojibiwa karibu kila ninapomwambia mtu kwamba programu aliyojiunga nayo ni ya kitapeli. Simu inageuzwa nione ujumbe wa muamala: 14,000 imeingia, na jina la mtumaji lipo. Jibu hilo nimelichoka, na leo nalijibu kwa urefu kwa sababu linawaliza watu kuliko uongo mwingine wote. Kazi yangu hapa Dodoma ni kukagua vitabu vya vikundi vya kuweka na kukopa, kwa hiyo naanza na hesabu.

Chukua programu ya kawaida ya aina hii. Unaweka 50,000, unaahidiwa 2,000 kila siku kwa kubonyeza matangazo au "kukodi mashine" iliyoko nje ya nchi. Hiyo ni asilimia 4 kwa siku. Gawanya 50,000 kwa 2,000, unapata 25. Maana yake mwenye programu anaweza kukulipa siku 24 mfululizo, bila mwanachama mpya hata mmoja, bila kuuza hata kiberiti, na bado akabaki na 2,000 yako. Ile 14,000 ya wiki ya kwanza ni pesa yako iliyolala kwake siku saba. Wakijiunga watu kumi kwa siku moja, anashika 500,000 na kutoa 20,000 kwa siku. Hana sababu ya kukimbia mapema.

Tena wengi hawatoi. Wanaliacha salio "likue", wanapanda daraja la 200,000, kisha la 500,000, wanamwita dada, wanawaita wenzao wa kikoba. Salio lile ni tarakimu tu alizoziandika mwenye programu, wala hazina pesa nyuma yake. Asilimia 4 kwa siku, ikirudishwa ndani kila siku kwa mwaka mzima, inageuza 50,000 kuwa zaidi ya bilioni 82. Muulize admini wa grupu bilioni hizo zinatoka kwa nani, uone kama hakuondoi. Malipo ya mwanzo ni gharama yake ya matangazo, na wewe unayeonyesha skrinishoti ndiye tangazo lenyewe.

Charles Ponzi, tapeli wa kule Boston, Marekani, mwaka 1920 aliahidi asilimia 50 kwa siku 45, na wa mwanzo aliwalipa. DECI, mpango wa hapa kwetu wa "kupanda na kuvuna" pesa, iliyofungwa na serikali mwaka 2009, nayo wapo iliowalipa. Upatu wa kitapeli usiolipa mtu haufiki wiki ya pili. Kwa hiyo kulipwa hakukuambii kama ni utapeli au si utapeli.

Sasa linakuja jambo linaloniudhi hata kwenye semina: watu wanafundishwa kuogopa faida kubwa, basi. Mfanyabiashara wa mahindi anayenunua Kibaigwa baada ya mavuno na kuuza wakati wa uhaba anaweza kupata faida nono, na si tapeli. Lakini mwulize atapata kiasi gani mwezi ujao, hatakutajia namba. Dumuzi wakiingia ghalani, au bei ikishuka, anakula hasara. Mkulima wa zabibu wa Hombolo naye akivamiwa na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, hesabu yote inabadilika. Faida ya biashara hupanda na kushuka. Kinachopaswa kukushtua ni ulaini: kiasi kilekile, saa ileile, mvua inyeshe isinyeshe. Bernard Madoff, msimamizi wa uwekezaji aliyekamatwa Marekani Desemba 2008 kwa utapeli, hakuahidi mamilioni ya haraka. Aliwaonyesha wateja faida ya wastani isiyoyumba, mwaka baada ya mwaka, na wasomi waliingia. Kiwango kisichobadilika kihalali hulipwa, kwa mfano, na hatifungani za serikali za miaka 25, ambapo unaikopesha serikali, na kiwango chenyewe kimekuwa kati ya asilimia 12 na 16 kwa mwaka. Nimesema kwa mwaka.

Usajili nausema kwa ufupi. Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kinathibitisha kwamba kampuni imesajiliwa, hakiiruhusu kuchukua amana za watu. TIN, namba ya mlipakodi, vilevile. Ruhusa ya kupokea amana au kukopesha inatoka Benki Kuu; ya kuuzia umma uwekezaji inatoka CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Fungua tovuti zao mwenyewe, usipitie kiungo ulichotumiwa kwenye grupu.

Kisha tazama kwa karibu unapolipa. Kabla hujaingiza namba ya siri, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Kampuni inasema iko London, jina linalotokea ni la mtu mmoja, na wiki ijayo ni la mwingine. Sitisha hapo hapo. Ukiambiwa ulipe kwa USDT, sarafu ya kidijitali, kwenye anwani ndefu ambayo mara nyingi huanza na T, jua kwamba ukishatuma hakuna wakala wala benki ya kuirudisha. Programu isiyopatikana Play Store, inayokutaka uruhusu vyanzo visivyojulikana na kusoma meseji zako, inaweza kuona hata namba za uthibitisho za benki. Umri wa tovuti nao unaangaliwa kwenye WHOIS, daftari la wazi la usajili wa majina ya tovuti, ila kuna mpaka: tovuti ya miezi mitatu inayodai ipo tangu 2012 imejifunga yenyewe, lakini ya zamani haijasafika, kwa sababu majina ya zamani hununuliwa.

Ukidaiwa "kodi" ya 60,000 ili utoe 300,000, usilipe hata senti. Kodi ya zuio hukatwa ndani ya malipo, haitumwi kwanza kwenye laini ya mtu.

Na tusichanganye na mchezo wa akina mama wa Majengo. Watu kumi wakichanga 10,000, kila mmoja kwa zamu anachukua 100,000, na mwisho kila mtu ametoa alichopokea. Hapo hakuna faida iliyoahidiwa.

Nina mashaka mawili. Aliyeingia mapema na kutoka mapema kweli anapata, na siwezi kumwambia kwamba alipoteza. Naweza kumwambia tu kwamba alichopata ni cha waliomfuata. La pili ni kampuni za kuuza bidhaa kwa mtandao wa watu. Huwa nauliza: asiyetaka kuingiza mtu angeinunua bidhaa hii kwa bei hii? Mara nyingine jibu haliko wazi, na sijapata kipimo bora zaidi.

Kama umeshatuma, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi, ukiwa na namba ya muamala, uombe pesa izuiwe kabla haijatolewa. Piga picha za grupu lote kabla hujaondolewa, nenda polisi nazo, na meseji za kitapeli zitume 15040. Halafu jihadhari na atakayekupigia akisema anarejesha pesa za waliotapeliwa kwa ada ndogo. Jiulize namba yako kaipata wapi.