Magavana wa Kusini hawakuwa sauti moja
Wengi hudhani kwamba katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) magavana wa Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga na Marekani, walimtii rais wao Jefferson Davis bila swali. Barua zao zinakanusha hilo. Joseph E. Brown wa Georgia alipinga sheria ya Aprili 1862 ya kuandikisha wanaume jeshini kwa lazima, akisema inavunja katiba. Zebulon Vance wa North Carolina, ambaye naona aliandika kwa uchungu zaidi, alimweleza Waziri wa Vita mnamo Desemba 1863 kwamba, kama Mungu angebakiza pigo baya kuliko yote yaliyowashukia Wamisri, lingekuwa kikosi cha wapandafarasi wa Kusini wenye nidhamu nusu, waliokuwa wakiwapora raia. Siku chache baadaye alimsihi Davis ajaribu mazungumzo na adui.