Niagara kwa mtu wa Malindi: mwezi kwanza, kisha upande wa mto, nauli mwisho

Msimu wa wageni ukikaribia kufunguka hapa Malindi, simu za safari za ng'ambo huanza kuingia ofisini kwangu. Mtu ana mwanawe Toronto au dadake New Jersey, amejiwekea akiba, na sasa anataka kuyaona kwa macho yake maporomoko ya Niagara, mpakani mwa Kanada na Marekani. Swali la kwanza karibu kila mara ni nauli. Mimi huliweka kando. Jambo la kwanza ni mwezi, la pili ni upande gani wa mto, na haya mawili yakienda kombo hakuna tiketi ya bei nafuu itakayoiokoa safari.

Sisi tuliokaa karibu na mlango wa Sabaki tumezoea mto unaofuata mvua. Ikinyesha bara, maji hushuka na udongo wake na bahari yetu hugeuka rangi ya kahawia. Niagara ni mto wa tabia nyingine kabisa. Unatoka Ziwa Erie, ziwa kubwa linalotuliza tope na kushikilia maji, ndiyo maana maji yake ni ya kijani na mvua ya siku chache haiyabadilishi sana.

Kinachobadilisha wingi wa maji unayoyaona pale ni mkataba. Mwaka 1950 Kanada na Marekani zilikubaliana kuyagawana maji ya mto huo kwa ajili ya umeme, bila kuyamaliza maporomoko. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 15 Septemba, saa mbili asubuhi mpaka saa nne usiku, ni lazima maporomoko yapitishe angalau mita za ujazo 2,832 kwa sekunde. Kuanzia 16 Septemba hadi 31 Oktoba kiwango ni hicho hicho, ila kinakoma saa mbili usiku. Nje ya saa hizo, na mchana kutwa kuanzia Novemba hadi Machi, inaruhusiwa kushuka hadi nusu yake, yaani 1,416. Mengine huvutwa na kupelekwa kwenye mitambo ya umeme, Sir Adam Beck upande wa Kanada na Robert Moses upande wa Marekani. Kazi ya kuyapima na kuyageuza hufanywa na kizuizi chenye malango 18 kilichoko juu kidogo ya maporomoko.

Wapo wanaovunjika moyo wakisikia haya. Mimi nayaona ni mapatano ya busara. Ukingo wa Horseshoe, ule mkubwa uliopinda, ulikuwa ukimegeka na kurudi nyuma karibu mita moja kwa mwaka; maji yalipopunguzwa, kasi hiyo ilishuka hadi kama sentimita 30. Hata mwaka 1969 wahandisi wa jeshi la Marekani waliyafunga kabisa maporomoko ya American, yale madogo ya upande wa Marekani, kwa miezi kadhaa ili wauchunguze mwamba, kisha wakayafungulia tena.

Sasa itazame kalenda yetu. Wengi huomba Desemba kwa sababu watoto wamefunga shule. Desemba kule ni baridi ya barafu, maji ni nusu, na boti zinazokaribia maporomoko zimeshapandishwa nchi kavu. Tena Desemba ndiyo kazi yetu: hoteli zimejaa na kila mwenye gari au boti anatafutwa. Ushauri wangu kwa watu wa Malindi na Watamu ni mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni. Huku kusi imeshika, bahari imechafuka, hoteli kadhaa zimefungwa na watu wamepewa likizo. Kule maji ni kamili mchana kutwa, boti zinafanya kazi, na msongamano wa Julai na Agosti haujafika. Jua la Juni huzama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo anayeswali ajue Magharibi ni saa tatu na Isha ni baada ya saa nne. Panga mapumziko ya mchana, hasa kwa wazee.

Kuhusu upande, nitasema wazi: kama ni mara yako ya kwanza na huna jamaa Marekani, nenda Kanada. Ukisimama pale Table Rock, Horseshoe iko miguuni pako, na ukitembea kando ya korongo unayaona maporomoko yote matatu, Horseshoe, American na Bridal Veil, kwa mbele. Kutoka Toronto ni kama kilomita 130, na kuna basi na treni. Upande wa Marekani una uzuri wa aina nyingine: unayasogelea maji. Bustani ya pale ilianzishwa mwaka 1885 na kuingia ni bure kwa anayekwenda kwa miguu. Kwenye Cave of the Winds unashuka hadi chini, kisha unapanda ngazi za mbao mpaka hatua chache kutoka maji yanapoangukia. Ngazi zile hubomolewa kila vuli ili barafu isizivunje, zikajengwa upya masika. Mwenye buibui alikunje na kulifunga kiunoni kabla ya kuvaa koti la plastiki, maana likilowa hulemea na mbao zinateleza. Kwenye boti pia utapewa koti, jekundu kwa Kanada na la buluu kwa Marekani.

Kati ya pande hizo mbili kuna daraja la Rainbow, unalivuka kwa miguu kwa dakika chache. Lakini ni mpaka wa nchi mbili. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Kanada kwa upande mmoja na ya Marekani kwa upande wa pili, hakuna moja inayofungua kote.

Hapa ndipo tiketi huwaponza watu. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Toronto. Utapitia Addis Ababa, Dubai au Ulaya. Mama mmoja wa Shella, hapa Malindi, aliletewa na mwanawe tiketi nzuri kwa bei, inayopitia New York. Viza aliyokuwa nayo ni ya Kanada peke yake. Marekani haina utaratibu wa kukaa uwanjani tu ukingoja ndege nyingine: hata anayepita njia huingia nchini na lazima awe na viza. Tulibadilisha njia mapema, akasafiri salama. Kwa hiyo pata viza kwanza, kisha lipia tiketi.

Viza ya Kanada ni dola 100 za Kikanada na alama za vidole ni dola 85, na ukikataliwa hazirudi. Kabla ya kulipa, weka mezani kitambulisho, pasipoti na cheti cha kuzaliwa, usome majina herufi kwa herufi. Kwetu pwani Mohamed ana m moja katikati kwenye kitambulisho na mbili kwenye cheti, Mwanaisha anageuka Aisha, na jina la babu liko hapa, pale halipo. Rekebisha kwanza. Taarifa ya benki ionyeshe biashara inayopumua mwezi baada ya mwezi, si fedha nyingi zilizoingia jana. Ukiwa na duka, shamba au kazi utakayoirudia huku, toa karatasi zake. Usimruhusu dalali akujazie uongo. Jina ni lako, na rekodi itakufuata.

Kwa safari ya Juni, anza Desemba. Ikiwa viza itakataliwa na bado hamu ya maporomoko unayo, Victoria Falls, kati ya Zambia na Zimbabwe, yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, na pasipoti ya Kenya haihitaji viza upande wowote. Mwezi wa Juni maji yake bado ni mengi na ule mvuke mzito wa Aprili umepungua, hivyo yanaonekana vizuri. Kinachotakiwa ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na sindano iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kuingia.