Bandari ya Lamu: yanayosemwa na yaliyopo

Wengi wanaamini bandari ya Lamu imejengwa Amu mjini, yaani mji wa Lamu ulioko kisiwani. Wageni hushuka kwenye jeti wakaanza kutafuta makontena mbele ya Ngome. Gati ziko bara, upande wa Kililana, kwenye Ghuba ya Manda. Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, uko kisiwani, na anayetoka bara bado anafika Mokowe kwanza ndipo avuke kwa boti.

Wako pia wanaochanganya bandari na mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Mtambo ule ulikusudiwa kujengwa Kwasasi, na leseni yake ya mazingira ilifutwa Juni 2019 baada ya wenyeji kuupinga. Ni miradi miwili tofauti.

Halafu kuna hesabu ya gati. Utasikia kwamba Lamu ina gati 32. Hizo ni za kwenye mpango; zilizojengwa ni tatu. Ya kwanza ilianza kazi tarehe 20 Mei 2021. Kila gati ina urefu wa mita 400, na maji yana kina cha mita 17.5. Kwangu mimi kina hicho ndicho kifaa kikubwa kuliko vyote pale, maana kreni hununuliwa, lakini kina cha namna hiyo hakipatikani kila mahali katika pwani yetu. Meli kubwa ya makontena inaingia bila kuogopa kugusa chini.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: meli zikija, kazi zitakuja. Vijana wetu wameishi na ahadi hiyo tangu LAPSSET, mradi wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta kutoka Lamu hadi Ethiopia na Sudan Kusini, ulipozinduliwa Machi 2012. Lakini kazi inategemea aina ya shehena. Kontena likishushwa kutoka meli kubwa, likalazwa uwanjani, kisha likapakiwa meli ndogo inayokwenda bandari nyingine, halikupita getini. Bandari imelipwa ada na meli imehudumiwa, ila lori halikupakia, wakala wa forodha hakuguswa, na mama wa chakula pale Hindi, mji wa Lamu bara, hakumwona dereva. Mombasa imeshiba kwa sababu mzigo wake mwingi unapanda bara: Nairobi, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini. Lamu nayo ilipangiwa njia yake, kupitia Garissa na Isiolo hadi Ethiopia na Sudan Kusini, pamoja na reli na bomba la mafuta. Reli haijajengwa, wala bomba. Kwa hiyo anayesema bandari imekufa anakosea, kwa kuwa meli zinahudumiwa. Na anayesema imekwisha kutajirisha Lamu anakosea vilevile. Lawama ielekezwe kwenye barabara na reli.

La wavuvi nalo husemwa kwa wepesi mno: “Si walilipwa?” Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki za wenyeji zilikiukwa, ikiwemo haki ya mazingira safi na ya kulinda utamaduni wao, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Ikafuata rufaa, kisha mapatano nje ya mahakama kwamba sehemu itolewe taslimu na nyingine kwa vifaa na miradi ya uvuvi. Watu walisubiri miaka. Na fidia hairudishi mahali pa kuvulia. Kuchimba mkondo wa meli kulitibua matope yakafunika matumbawe, mikoko ikakatwa, na njia ya meli sasa inapita pale ambapo wazee walitega malema, mitego yao ya samaki. Wenye boti kubwa za mashine wanaweza kwenda nje ya miamba. Anayedai suala hili limekwisha atueleze mwenye dau la tanga atavua wapi upepo wa kusi ukichafuka.